Pasi za Upande wa Geti

Ngwaa. Kisha mtetemo mrefu, unaotoka getini na kupita ukutani mpaka vikombe vinagongana kabatini. Hiyo ndiyo sauti ya mpira ukipiga geti la chuma la nyumba yetu ya Mabela, Muscat, na naikumbuka kuliko sauti za walimu wangu wa skuli, ingawa walimu wangu, Mungu awaweke, walipiga kelele zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mstari wake. Mbele yake palikuwa na kiwanja cha changarawe ambacho kilikuwa hakijajengwa bado. Vijana wa mtaa, wengi wao watoto wa watu waliotoka Zanzibar kama sisi, waliondoa mawe makubwa, wakachora mistari kwa chokaa, wakasimamisha magoli ya mabomba, wakawa timu. Mstari mmoja wa pembeni ulipita karibu kabisa na geti letu. Kwa hivyo pasi ikikosa mwenyewe upande ule, habari tulikuwa tunapata sisi mwanzo.

Kaka'angu alikuwa kiungo wa kati. Kazi yake ilikuwa kugawa mpira, na aliifanya kwa raha, kama mtu anayepakua biriani siku ya sikukuu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza skuli, kwa matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, na nilikuwa najifunza kushona. Lakini rohoni nilikuwa mtangazaji wa mpira. Baada ya Alasiri nilipanda juu ya paa kuanua nguo, nikajificha nyuma ya ukuta mfupi, nikashika mwiko mbele ya mdomo na kutangaza. Msikilizaji wangu alikuwa mmoja tu: bibi, mama yake mama, ambaye miguu yake ilikuwa haimpandishi ngazi tena. Alikaa uani kwenye mkeka, chini yangu, akisikiliza kama mtu wa redio.

"Nani kampa nani?" alikuwa akiniuliza.

"Kaka kampa winga, bibi."

"Kampa au kamtupia?"

"Kampa kama mtu anavyompa mgeni sahani."

Bibi alilipenda hilo. Akilisikia alitikisa kichwa na kurudi kwenye tasbihi yake.

Timu yetu haikuwa na watu wakubwa wala wenye mbio. Ilichokuwa nacho ni maneno. Timu nyingine ziliitana kwa Kiarabu, na wetu waliitana kwa Kiswahili, tena cha ndani ya nyumba. "Mlango" ilikuwa upande wa geti letu. "Jiko" ilikuwa upande wa pili, kwa sababu kule palikuwa na mkahawa unaotoa moshi wa vitunguu kutwa. "Kitandani" ilikuwa rudisha kwa kipa. Mabeki wa watu walisimama wakitazamana, hawajui hawa wanacheza mpira au wanagawana kazi za nyumbani. Winga wetu akisema "mlango", hata kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kaka aliachia mpira bila kugeuza kichwa na ukamfika mguuni. Watu walisema ana macho kisogoni. Hata mimi nimelitangaza hilo kwenye mwiko wangu mara nyingi, kwa fahari.

Mpaka walipokuja vijana wa Ghubra, mtaa mwengine wa Muscat.

Walivaa buluu, sisi njano. Kipindi cha kwanza walikimbizwa. Cha pili, kijana mmoja wao akasogea mpaka mbele ya geti letu, akasema kwa lafudhi safi ya Unguja, kama aliyelelewa na bibi yangu, "Mlango, mlango." Kaka akampa. Mpira ukamfika vizuri, kama sahani. Akaondoka nao, wakafunga.

Uwanja mzima ulicheka, na kaka naye akacheka, akajipiga kofi kipajini. Kumbe vijana wa Ghubra mama zao na mama zetu wamezaliwa mitaa ile ile. Basi, mtu akishafanyiwa mzaha mara moja hujihadhari. Lakini kidogo tu baadaye yule wa buluu akaita tena, na kaka akampa tena. Na tena. Mara ya tatu hakucheka mtu. Niliteremsha mwiko. Jua lilikuwa bado lipo. Yule kijana alisimama peke yake kwenye changarawe nyeupe, buluu tupu kama ndoo iliyosahauliwa, na kaka kamtazama, kampa.

Ndivyo nilivyodhani wakati ule, kwamba kamtazama.

"Mbona redio imekufa?" bibi aliuliza kutoka chini.

"Wametufunga, bibi."

"Tena?"

Mwalimu wa timu alikuwa mtu mzima aliyekulia Tabora, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja huko Rusayl, mpole, Kiswahili chake cha bara. Aliwakusanya kwenye kivuli cha ukuta wetu, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na beseni la nguo.

"Kuanzia leo hakuna kuitana," alisema. "Nusu ya Muscat wamezaliwa na mama wa Kiswahili, nyie mnafikiri mna siri. Mpira unachezwa kwa macho. Unainua kichwa, unaona mtu, unatoa. Sawa?"

"Sawa, mwalimu," walijibu. Nilitafuta sauti ya kaka humo ndani, sikuipata.

Toka hapo geti halikupumzika. Ngwaa, na baada ya kidogo, ngwaa. Winga alisimama mkono juu, mdomo kaufunga kama alivyoagizwa, na mpira ukapita nyuma yake au mbele yake ukaja kwetu. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama alisema ni jicho, akavifukiza viatu vya kaka kwa ubani mpaka vikanuka kama bibi harusi. Bibi alisema viatu vinambana. Wenzake walisema kamnunia winga, na winga mwenyewe alikuja barazani siku moja akamwambia, "Naona siku hizi unalipenda geti kuliko mimi."

"Geti linapokea," kaka alimjibu. "Wewe unakimbia."

Wakacheka. Lakini mimi nilikuwa namwona kaka kutoka juu ya paa, na nilikuwa nimeanza kuhesabu jambo jengine. Pasi za mbele, zile za moja kwa moja anakotazama, zilikuwa nzuri kama zamani. Zilizokufa ni za ubavuni peke yake. Nilipoliona hilo nilijiambia, acha ujinga, wewe si mwalimu wa mpira.

Baba alikuwa askari, kambi yake Salalah, mbali huko, na gari alimwachia kaka. Alhamisi moja kaka alitupeleka mimi na mama Ghubra kumtazama khalati, dada yake mama, aliyekuwa mgonjwa. Tulichelewa kuondoka, Magharibi ikatukuta kwenye barabara kubwa. Kaka alikuwa amejisogeza mpaka kidevu chake karibu kiguse usukani, na alikuwa nyuma ya lori, karibu nalo mno. Mimi nimekaa nyuma, katikati, nikaona jinsi anavyofanya: lori likienda kulia anakwenda kulia, likipunguza anapunguza. Alikuwa hatazami barabara. Alikuwa anatazama taa mbili nyekundu.

Tukafika kwenye duara kubwa, penye njia ya kwenda Rusayl na njia ya kwetu. Lori likaingia ya Rusayl. Na sisi tukaingia nalo.

"Unatupeleka wapi?" mama aliuliza.

"Ah. Nimesahau."

"Umesahau nyumba?"

Mama akacheka, na kaka akataka kucheka. Akapinda gari arudi, na pembeni, ubavuni mwake, palikuwa na mtu wa kiwandani anatembea na baiskeli mkononi, kavaa nguo zake za kazi. Nilimwona mimi. Nilisema "Kaka" tu, nikamshika bega. Gari likasimama kwa kishindo. Yule mtu alirusha mkono, akatuambia neno kwa lugha yake, akapita. Kaka aliendelea kutazama mbele, akaniuliza polepole, "Nini?"

Hakumwona. Mtu na baiskeli, karibu na mlango wake, hakumwona.

Kesho yake asubuhi nilimsimulia bibi ule upande wa kuchekesha, wa lori, kwa sababu upande wa pili ulikuwa haunitoki mdomoni. Bibi alikuwa anachagua mchele. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kama kaka'angu," alisema. "Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Ikishaingia magharibi, alikuwa akifuata kanzu ya mtu wa mbele yake. Siku moja kaifuata mpaka kwenye harusi ya watu, kakaa, kala."

"Kwa nini, bibi?"

"Hakuwa akiona, mwanangu. Tukimwita kuku. Kuku nnakwambia ikiingia jioni hana macho."

"Na mchana?"

"Mchana akiona. Akionea kitundu. Ukimjia ubavuni anashtuka kama kaona jini."

"Halafu?"

"Halafu kitundu kikaziba." Aliokota kijiwe, akakitupa. "Mke wake wa pili hata uso wake hakuwahi kuujua."

Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mimi nilinyanyuka nikaenda msalani nikafungua fereji maji yaende, nikakaa pale kwenye sakafu.

Kwetu kahawa ina adabu yake. Anayemimina husimama kuliani kwa mtu, hunyoosha finjani kwa mkono wa kulia, na hasemi kitu. Hana haja ya kusema. Mtu huona finjani inakuja, huipokea. Ijumaa ile baada ya Sala na chakula, nilishika birika mimi. Nilimpa bibi. Nikampa mama, aliyeondoka na yake jikoni. Nikasimama kuliani kwa kaka, nikanyoosha finjani karibu na shavu lake, ila nyuma kidogo tu ya jicho, mahali ambapo mimi na wewe tungeiona.

Alikuwa anamtazama bibi, anamsikiliza. Finjani ikatoa moshi. Nikangojea. Kahawa ikanimwagikia kidoleni, na kaka anatabasamu, anaitikia mazungumzo, hana habari.

"Mpokee mwenzio," bibi alimwambia.

"Nipokee nini?"

Akageuka kwa ghafla, bega lake likaipiga finjani, ikavunjika. Bibi akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha vidole vyake vikasimama juu ya tasbihi. Nililiona lile jambo likimwingia usoni, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Alisema "Subhanallah" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaomba asaidiwe kunyanyuka.

Nilimfuata kaka kwenye ngazi ya nje.

"Kaka, ukitazama mbele, miguu yako unaiona?"

"Mpaka niiname. Kwani wewe unaiona?"

"Naiona."

"Umesimama wima, unatazama mbele, na miguu unaiona?"

"Naiona, kaka."

Nikanyoosha mkono wangu pembeni ya kichwa chake. "Na mkono huu?"

"Mkono upi?"

Aligeuza shingo, akauona, na akauangalia kwa muda, vidole vyangu vitano, kama mtu anayeoneshwa mali iliyoibiwa kwake siku nyingi.

"Mimi nilidhani ndivyo watu wote wanavyoona," alisema. "Wallahi. Nilidhani wenzangu wana bidii tu ya kugeuka."

Kisha akaniomba nisimwambie mama. Wala timu. Alhamisi inayokuja walikuwa na marudio huko huko Ghubra, na yeye ndiye dereva, gari la baba, vijana wanne ndani. Kwenda kungekuwa Alasiri. Kurudi kungekuwa Magharibi, kwenye barabara ile, nyuma ya lori lolote litakalotokea.

"Usiende na gari," nilimwambia.

"Nitawaambia nini? Kwamba mimi kuku?"

Kumbe hadithi ya bibi anaijua. Kumbe alikuwa nayo siku zote, kaificha mahali.

Sikumbuki nilishona nini siku zile. Nakumbuka kila nikifumba macho naona taa mbili nyekundu zinaondoka, na giza linabaki kwetu. Nilimpenda kaka'angu, nilitaka siri yake ikae, na nilitaka aishi. Viwili hivyo vilikuwa haviingii kwenye gari moja.

Jumatatu ngwaa ikalia, na safari hii aliyekuja kuufuata mpira ni mwalimu wa timu mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya geti. Niliufungua mlango mdogo kiasi cha mpira kupita, lakini sikuutoa.

"Mwalimu, waruhusu waitane."

Alicheka. "Na wewe binti umekuwa kocha? Mji mzima unaelewa Kiswahili."

"Si kwa ajili ya timu. Kwa ajili ya kaka."

"Ana nini?"

"Alikuwa anapiga pasi kwa masikio. Hana ubavu, mwalimu. Anaona mbele tu, kitundu. Na jioni hata hicho hakipo. Na Alhamisi ataendesha."

Nyuma yake vijana walikuwa wanamwita. Alinyoosha mikono, nikampa mpira.

"Ahsante, mwanangu," alisema. Awali aliniita binti.

Nilipanda juu. Nilimwona anatembea kuelekea kwa kaka, anamsemesha, na huku mguu wake unausukuma mpira polepole ubavuni mwa kaka, karibu sana, mtoto angeuona. Mpira ukapita. Kaka aliendelea kuongea. Mwalimu akauwacha uende mpaka ukasimama wenyewe, akavua kofia, akaivaa tena.

Alhamisi alikuja mapema kabla ya wengine.

"Nipe ufunguo," alimwambia kaka getini. "Gari kama hii nafikiria kununua. Leo nataka niijaribu, kwenda na kurudi."

Kaka alinitazama mlangoni nilipokuwa. Ilibidi ageuze kichwa chote kunitafuta, na mimi sikukimbia. Akatoa ufunguo.

Hata hivyo hofu haikuondoka na gari. Magharibi ikaingia, mama akaswali, bibi akaswali amekaa, mimi nikaswali nikasahau nimefika rakaa ipi. Kila gari lililopunguza mwendo lilikuwa lao mpaka lilipopita. Waliporudi, ilikuwa karibu na Isha, winga ndiye aliyenipa habari, akiwa nje na mimi ndani. Mwalimu aliwaruhusu kuitana, lakini kwa maneno mapya matatu, ya Kinyamwezi. Alisema ni ya mama yake, na kwamba toka afike Muscat alikuwa hajayatamka mbele ya watu. Vijana wa Ghubra walibaki wanapepesa macho.

"Na pasi?" niliuliza.

"Zilikuja zote. Kama zamani." Akasita. "Jua lilipoanza kuzama, kaka'ako kamfuata mwalimu mwenyewe. Kamwambia, nitoe."

Tulitoka sare.

Wiki ile kaka mwenyewe alimwambia mama, na baba akaja kutoka Salalah wakaenda hospitali. Walimweka kaka mbele ya mashine ya vitaa vidogo, akaambiwa abonye kila akiona kimoja. Alisema chumba kilikuwa kimya, na hakubonya sana. Daktari alieleza kwamba jambo hili liko kwenye damu, halina dawa, na linakwenda polepole. Baba aliuliza mara mbili kama amesikia sawa. Bibi alijifungia siku ile, na toka hapo hakusimulia tena kuhusu harusi ya watu.

Mpira kaka aliendelea nao mchana mchana, mpaka msimu ukaisha. Gari baba aliliuza. Kilichobaki ni sala ya Magharibi msikitini, ng'ambo ya kiwanja. Alikataa kushikwa mkono. "Kwenda naweza," alisema, "na kurudi nitarudi." Kwenda bado kuna mwanga. Kurudi hakuna, na wakati ule mtaa wetu ulikuwa na taa chache, na kampuni ilikuwa imechimba mfereji wa mabomba upande wa mkahawa. Siku mbili alirudi na vumbi kwenye kanzu. Mama alimuuliza, akasema kajikwaa. Akiitwa kwa jina kutoka mlangoni, alikasirika.

Siku ya tatu nilitoka uani peke yangu. Bibi yuko kwenye msala, mama jikoni. Nilisimama nyuma ya geti, nikasikia watu wanatoka msikitini, ndara zao kwenye changarawe zinatawanyika, moja huku, moja kule. Nilivua bangili nikazitia mfukoni, zisije zikanisema. Kisha nikafungua kiganja, nikalipiga geti, ngwaa, ajue mlango uliko.